Upasuaji wa kuhamisha mafuta mwilini na safari ya kurudi Hola

Basi litokalo Nairobi kuelekea Hola hupita Thika na Mwingi, likafika Madogo, kisha likakata kona na kuufuata Mto Tana hadi Bura na kuendelea kusini. Kwa abiria mwenye afya njema, safari hiyo ni uchovu wa siku moja tu. Lakini kwa mtu aliyenyonywa mafuta tumboni wiki iliyopita na kuyawekewa makalioni, safari hiyo inamlazimu kufanya lile hasa ambalo daktari alimkataza: kuketi.

Jambo hili laonekana dogo, na pengine ndiyo sababu husahaulika. Matangazo ya upasuaji wa urembo yaliyotapakaa kwenye simu huonyesha picha mbili, moja ya kabla na nyingine ya baada. Wiki zilizo katikati ya picha hizo hazionyeshwi. Hazionyeshwi damu zinazovuja kwenye shuka, wala usiku wa kulala kifudifudi, wala gharama ya chumba cha kukaa mjini. Kwa mkazi wa Hola, Garsen au Bura, ambaye hana budi kusafiri hadi Nairobi au Mombasa kutafuta daktari bingwa wa aina hii, wiki hizo ndizo zinazohitaji kupangwa kuliko siku yenyewe ya upasuaji.

Upasuaji huu ni upi hasa? Kwa maneno mepesi, daktari huchota shahamu kutoka sehemu ya mwili iliyo nayo kwa wingi, kama vile tumbo, kiuno au mapaja, na kuidunga mahali palipopungua. Kwa kuwa mafuta hayo ni ya mtu mwenyewe, mwili hauyakatai kama unavyoweza kukataa kitu kigeni.

Kazi hufanyika kwa hatua tatu. Kwanza, sehemu ya kuchotwa mafuta hujazwa maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi pamoja na dawa ya kubana mishipa ili damu isitoke kwa wingi. Kisha daktari hupenyeza mrija mwembamba wa chuma usio na ncha kali kupitia tundu dogo kwenye ngozi, na kuyanyonya mafuta. Hatua ya pili ni kuyasafisha mafuta hayo, ama kwa kuyachuja, kuyaacha yatuame, au kuyazungusha kwenye mashine, ili damu, maji na mafuta yaliyopasuka yatengwe. Hatua ya tatu ni kuyadunga kidogo kidogo, tone kwa tone, katika sehemu iliyokusudiwa. Mgonjwa huweza kulazwa kwa nusukaputi au kutiwa ganzi tu, kutegemea wingi wa kazi.

Wazo lenyewe si geni. Daktari Mjerumani Gustav Neuber alihamisha mafuta kutoka mkononi hadi usoni mwa mgonjwa mwaka 1893. Hata hivyo, ilibidi kungoja miaka ya 1970, wakati madaktari wa Italia na Ufaransa walipobuni njia ya kunyonya mafuta kwa mrija, na baadaye kazi ya Sydney Coleman wa New York, aliyewafundisha wenzake namna ya kuyashughulikia mafuta kwa upole ili yasife.

Kuna wanaodhani kuwa upasuaji huu ni wa wanawake wanaotaka umbo la kuvutia pekee. Sivyo. Mafuta hudungwa chini ya kovu la moto ili kulilainisha, na kwenye titi lililobonyea baada ya matibabu ya saratani. Aidha, wapo waliowahi kutumia dawa ya stavudine ya kupunguza makali ya Ukimwi, ambayo iliwafanya baadhi yao wabonyee mashavu. Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi mwaka 2009 ziiache dawa hiyo kwa sababu ya madhara yake. Kwa watu kama hao, kurudishiwa mashavu si anasa. Ni kuondolewa alama iliyokuwa ikitangaza siri yao kwa kila wanayekutana naye.

Tofauti hii ina uzito pia kwa wasomaji Waislamu, ambao ni wengi katika kaunti ya Tana River. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Malaysia mwaka 2007, lilitenganisha upasuaji wa kurekebisha kasoro au jeraha, ambao liliuruhusu, na ule wa kubadilisha umbo la kawaida kwa ajili ya urembo tu, ambao liliukataza. Aliye na shaka kuhusu hali yake atamwuliza shehe wake. Makala haya yanahusu mwili.

Ni muhimu pia kufahamu kuwa upasuaji huu si tiba ya unene. Kiasi kinachoweza kunyonywa kwa usalama kina mpaka. Wataalamu wengi huchukulia lita 5 kuwa ukomo kwa mgonjwa asiyelazwa hospitalini, na mara nyingi huchotwa kidogo kuliko hapo. Anayetaka kupunguza uzani atashauriwa aupunguze kwanza, kisha akae nao bila kupanda wala kushuka kwa miezi kadhaa. Mafuta yaliyohamishwa huendelea kuishi kama mafuta mengine yoyote: mwenyewe akinenepa nayo hunenepa, akikonda hukonda. Kwa sababu hiyo, mwanamke anayetarajia kupata mtoto karibuni au anayenyonyesha ni heri angoje.

Kwa nini basi kuketi kukawa kosa? Jibu liko katika maisha ya chembe ya mafuta. Inapong'olewa mahali pake, hukatika kutoka kwenye mishipa ya damu iliyokuwa ikiilisha. Ikidungwa mahali papya, kwa siku chache za kwanza huishi kwa kufyonza chakula na hewa kutoka kwa nyama iliyo jirani, hadi mishipa mipya myembamba iifikie. Ndiyo maana daktari hodari hudunga matone madogo yaliyotawanyika, wala si bonge moja. Chembe za katikati ya bonge hazipati chochote, zikafa. Na ndiyo maana sehemu hiyo haipaswi kukandamizwa. Uzito wa mwili mzima ukilalia makalio, damu hufinywa, na mafuta yaliyolipiwa kwa laki kadhaa za shilingi hufia hapo hapo.

Hata mambo yakienda sawa, si mafuta yote yatakayobaki. Kwa kawaida, kati ya theluthi moja na nusu ya mafuta yaliyodungwa hufyonzwa na mwili katika miezi ya mwanzo. Ukubwa unaoonekana siku ya kwanza kwenye kioo unatokana pia na uvimbe. Wengi huingiwa na hofu mwezi wa pili wanapoona "kazi inapotea", ilhali hali hiyo ilitarajiwa. Umbo la kudumu huonekana baada ya miezi 3 hadi 6, na baadhi ya wagonjwa huhitaji kurudia.

Sasa tuje kwenye hatari. Upasuaji wa kukuza makalio kwa mafuta, unaojulikana mno kwa ufupisho wa BBL na kuhusishwa na Brazil, umewahi kuhesabiwa miongoni mwa upasuaji wa urembo unaoua zaidi. Mwaka 2018, kamati ya pamoja ya vyama vya wapasuaji kutoka nchi mbalimbali ilionya kuwa huenda mtu 1 kati ya kila 3,000 wanaofanyiwa hufariki. Katika mwaka huo huo, chama cha wapasuaji wa urembo cha Uingereza, BAAPS, kiliwashauri wanachama wake wasiufanye kabisa.

Chanzo cha vifo hivyo kilibainika kwa kuchunguza maiti. Ndani ya msuli wa makalio mna vena nene. Mrija ukizama hadi kwenye msuli na kuitoboa vena, mafuta huingia ndani yake, yakasafiri hadi moyoni na kuziba mapafu. Mgonjwa huweza kufa akiwa bado juu ya kitanda cha upasuaji au saa chache baadaye. Katika visa vilivyochunguzwa, mafuta yalikutwa ndani ya msuli. Kutokana na hayo, kanuni iliyowekwa ni moja: mafuta yadungwe kwenye tabaka lililo chini ya ngozi pekee, juu ya msuli, kamwe yasiguse ndani yake. Mwaka 2022, BAAPS ililegeza msimamo wake kwa sharti hilo, na kwamba daktari atumie mashine ya altrasaundi ili auone mrija ulipo. Jimbo la Florida nchini Marekani, lililokuwa limepoteza wagonjwa wengi, nalo liliamuru mwaka huo altrasaundi itumike na kwamba daktari mmoja asifanye zaidi ya upasuaji wa aina hiyo mara 3 kwa siku.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa amana, mwulize daktari atadunga tabaka lipi na kama ana altrasaundi. Daktari anayejua kazi yake hatachukizwa na swali hilo. Anayechukizwa, ondoka.

Humu nchini, mwanamke mmoja alifariki jijini Nairobi mwaka 2024 baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo katika kliniki ya kibinafsi, na Baraza la Madaktari (KMPDC) likaamuru kliniki hiyo ifungwe. Tukio hilo liliwazindua wengi wasiojua kuwa leseni ni mbili: ya daktari na ya jengo. Kliniki inaweza kuwa na kibali cha kutibu wagonjwa wa nje bila kuwa na idhini ya chumba cha upasuaji. Baraza huweka orodha za madaktari na vituo vilivyosajiliwa kwenye tovuti yake, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kutafuta jina humo akiwa Hola. Angalia pia kama jina hilo limeandikwa kuwa la bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Cheti cha daktari wa kawaida, au cha kozi fupi ya urembo, hakitoshi.

Mbali na kumchunguza daktari, mgonjwa naye sharti achunguzwe. Kwa watu wa Tana River kuna mambo matatu ambayo hayafai kupuuzwa. La kwanza ni upungufu wa damu. Maeneo ya mto na mifereji ya mashamba ya kunyunyizia maji yana malaria, na kichocho kimewahi kusumbua wakazi wake kwa miaka mingi. Yote mawili hupunguza damu polepole bila mtu kujua. Upasuaji huu hupoteza damu zaidi, kwa hivyo kiwango kipimwe wiki kadhaa mapema ili kuwe na nafasi ya kukirekebisha. La pili ni selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopatikana sana katika maeneo yenye malaria. Mwenye selimundu akikosa maji au hewa ya kutosha wakati wa nusukaputi anaweza kupatwa na mashambulizi makali. Asiyejua hali yake apimwe. La tatu ni miraa na muguka. Mtafunaji amwambie daktari wa usingizi ukweli, kwa sababu miraa hupandisha shinikizo la damu na kuuendesha moyo mbio.

Daktari atauliza pia kuhusu sigara, ambayo yafaa iachwe angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baadaye, kwani huinyima hewa ile shahamu changa. Vidonge vya kupanga uzazi, aspirini na dawa za mitishamba navyo vitajwe. Vingine huongeza kuganda kwa damu na vingine huizuia isigande.

Baada ya upasuaji, siku 3 za kwanza ndizo ngumu zaidi. Watu wengi husema kuwa sehemu iliyonyonywa huuma kuliko ile iliyodungwa, mfano wa mwili uliopigwa rungu. Majimaji yenye rangi ya damu huvuja kupitia matundu kwa siku moja au mbili. Hilo ni la kawaida, na linahitaji tu shuka za zamani na pedi za kufyonza. Ngozi huwa na vilio vya damu vinavyogeuka kutoka zambarau hadi manjano kwa muda wa wiki 2 hadi 3. Ingawa mwili unauma, mgonjwa huamshwa atembee tangu siku ile ile, hatua chache kila baada ya saa kadhaa, ili damu isigande miguuni.

Kisha kuna vazi la kubana. Hili huvaliwa usiku na mchana kwa wiki 4 hadi 6, likifunika sehemu iliyonyonywa ili kupunguza uvimbe. Hapa ndipo hali ya hewa ya Hola inapoingia. Joto la zaidi ya nyuzi 35 si jambo la ajabu huko, na vazi zito lenye mpira juu ya ngozi iliyojaa vidonda vidogo huleta jasho, upele na kuvu. Nunua mawili, moja lioshwe na kukaushwa huku jingine likivaliwa. Kunywa maji kwa wingi. Wala usijaribu kujipoza kwa kuoga mtoni au kwenye mfereji kabla matundu hayajaziba kabisa; maji hayo yatatia vijidudu mwilini.

Aliyewekewa mafuta makalioni hatayakalia moja kwa moja kwa takriban wiki 2, na madaktari wengine hudai muda mrefu zaidi. Baadaye huketi kwa mto uliowekwa chini ya mapaja ili makalio yaelee. Hebu fikiria maana yake katika nyumba ya kawaida ya huku kwetu. Hakuna kukalia kibao mbele ya jiko, wala mbuzi ya kukunia nazi, wala mkeka barazani. Hakuna kubeba mtungi wa lita 20 wala mtoto mgongoni. Bodaboda imepigwa marufuku. Anayeswali ataswali kwa namna awezayo, kama dini inavyomruhusu mgonjwa. Kazi ya ofisini hurejewa baada ya wiki 2 hivi. Kazi ya shamba na ya kuinua mizigo, baada ya wiki 4 hadi 6. Bila mtu wa kumpikia na kumtekea maji, masharti haya hayatekelezeki.

Na hapo ndipo siri inapokuwa hatari. Si wachache wanaoaga nyumbani kuwa wanakwenda kumtembelea shangazi mjini, wakafanyiwa upasuaji, wakarudi baada ya siku 4 wakijikaza. Binafsi naelewa aibu hiyo. Watu wana midomo. Lakini siri hiyo humfuata mgonjwa hadi hospitalini. Homa ikimpata Hola, kila mtu atadhani ni malaria. Apimwe malaria, naam, ila homa iliyozidi nyuzi 38 kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji inaweza kuwa usaha unaojikusanya ndani, na mhudumu wa afya hatautafuta kama hajaambiwa. Vivyo hivyo, tumbo linalouma kupita kiasi na kuwa gumu huweza kumaanisha kuwa mrija ulitoboa utumbo. Kukosa pumzi ghafla, kifua kuuma, kuchanganyikiwa, au mguu mmoja kuvimba na kuuma ni dalili za kukimbizwa hospitalini saa hiyo hiyo, usiku wa manane ikibidi, na neno la kwanza mlangoni liwe: nilifanyiwa upasuaji tarehe fulani.

Baada ya miezi kadhaa, vinundu vigumu vinaweza kujitokeza mahali mafuta yalipofia. Vingi havina madhara. Aliyewekewa mafuta matitini, hata hivyo, amweleze kila daktari atakayempima saratani siku za usoni, kwa kuwa vinundu hivyo huonekana kwenye picha na huweza kutatanisha.

Turudi kwenye basi. Damu hugandia miguuni kwa urahisi baada ya upasuaji, na hugandia zaidi mtu anapokaa kitako saa nyingi bila kusogea. Ndiyo maana mgonjwa atokaye mbali huagizwa akae karibu na daktari wake kwa siku 7 hadi 14, hadi aondolewe nyuzi na kukaguliwa. Gharama ya chumba, chakula na msaidizi kwa muda huo iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo, kwa kuwa bima nyingi hazilipi upasuaji wa urembo. Asiye na pesa za kukaa wiki 2 mjini bado hana pesa za upasuaji.

Siku ya kurudi ikifika, kilicho bora ni gari dogo ambamo anaweza kulala ubavu kwenye kiti cha nyuma, likisimama kila saa moja ili atembee. Awe amebeba barua ya daktari inayoeleza alichofanyiwa, tarehe, dawa alizopewa na nambari ya simu itakayopokelewa usiku. Nakala ya barua hiyo abaki nayo mtu wa nyumbani.

Atazame pia kalenda. Mafuriko yaliikata barabara ya Garissa karibu na Madogo mwezi Novemba 2023, na tena Aprili 2024, mwezi ambao mashua iliyokuwa ikivusha abiria hapo ilizama na kuua watu. Yule ambaye huenda akahitaji kurudishwa Nairobi haraka asipange upasuaji wake katika msimu wa mvua kubwa.